Mikono ya Semeni

Siku ya kumi na moja tangu mjukuu wake azaliwe, Bi Mwanamkasi alimwambia mkunga maneno ambayo baadaye alitamani ayameze.

"Huyu mke wa Sadalla hampendi mwanawe."

Aliyasema uani, ungo mkononi, anapepeta mchele, wala hakuteremsha sauti. Kuteremsha sauti hakujua. Mtaa mzima wa Chumbageni ulikuwa ukijua anapika nini, kamkasirikia nani na kesho anakusudia kwenda wapi. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushei, mwenye mwili wake, anayependa watu na anayependa zaidi kuwapangia mambo yao. Mkunga, Bi Kijakazi, mama wa Kidigo aliyetokea upande wa Maramba, alikuwa mekoni anachemsha maji ya kumkanda mzazi. Akausukuma ukuni ndani.

"Haya," akasema.

"Haya ndiyo nini? Wewe huoni?"

"Naona maji hayajachemka."

Tusimwonee Bi Mwanamkasi. Hakusema kwa chuki, na aliyoyasema alikuwa ameyaona kwa macho yake. Semeni alimnyonyesha mtoto kwa wakati, hilo hakuna wa kulikana. Shehe, aliyepewa jina la babu yake, alikuwa ameanza kutoka mashavu. Lakini akishashiba tu, mama yake humlaza katikati ya kitanda, mbali na ukingo, akaondoa mikono upesi. Hamwimbii. Hamchezeshi. Na mtoto akilia, basi, hapo ndipo palipomuuma bibi mtu: Semeni huinuka akaenda kusimama mlangoni, kampa mtoto mgongo, mikono kaibana makwapani, midomo inamcheza. Mtoto analia, yeye kasimama! Anasimama hata amalize hayo anayoyasema, ndipo hurudi akamwinua. Kumwosha ndiyo kabisa, hakujaribu hata siku moja. "Ataosha Bi Kijakazi," husema, na sauti ya maji ikianza yeye hujiingiza chumba cha ndani.

Wanawake waliokuja kumwona mzazi walileta sabuni na uji wa pilipili manga, wakaondoka na habari. Huyu kasema ni shetani wa baharini, huyu kasema ni ziwa lenye uchungu, mwingine kasema wasichana wa siku hizi wana moyo wa jiwe. Jamani, maneno hayana bei.

Tena hilo lilikuja juu ya kosa jingine. Mimba ya kwanza huzaliwa kwao mke, ndiyo desturi, na kwao Semeni ni Bweni, ng'ambo ya mto wa Pangani, kwa shangazi yake aliyemlea tangu mama yake afariki. Semeni alikataa kwenda. Alimwambia mumewe, "Nikizalia kule nitakufa." Sadalla, kijana mpole aliyepaka rangi mabehewa kule relini, aliona ni maneno ya mwenye mimba, akamwambia mama yake kwamba barabara ya Pangani ina mashimo na basi litamtikisa mzazi. Bi Mwanamkasi alikubali shingo upande. Moyoni alisema, watu wa Bweni watatuonaje? Watasema tumemfungia mtoto wao ndani kama kwamba hana kwao.

Basi akatengeneza. Wakati wa kutengeneza ndipo mtu huharibu.

Alimtumia Bi Asmahani, shangazi mtu, salamu na mwaliko: njoo umalizie nasi arobaini ya mwanao. Na arobaini ikitoka, umchukue yeye na mtoto, ukae nao Bweni, umfunze ulezi, maana naona haujui. Mtoto akiachishwa ziwa, mama arudi kwa mumewe, na mjukuu abaki kwako umlee. Wewe ni mlezi na ulezi wako tumeuona. Ulikuwa mwaliko wa heshima kubwa. Ndivyo watu wanavyopeana watoto pwani hii, na si kila mtu hupewa.

Jibu lilirudi upesi kwamba anakuja. Bi Mwanamkasi akaingia chumbani kwa mzazi, furaha imemjaa, akamweleza yote pamoja, ya kuja na ya kuchukuliwa.

Semeni alikuwa anamnyonyesha mtoto. Hakuinua uso.

"Mama," akasema, "usimlete."

"Kwa nini?"

Semeni akalitengeneza ziwa mdomoni mwa mtoto.

"Nakuuliza, kwa nini?"

"Nakuomba tu, mama. Nitafanya lolote utakalo. Usinipeleke kule na mtoto huyu."

"Wewe mwana una nini? Mtu na kwao!" Bi Mwanamkasi akatoka anacheka, maana alidhani ni deko. Hakugeuka nyuma. Angegeuka angeona kwamba mkwe wake ametoa ziwa mdomoni mwa mtoto, kwa kuwa maziwa yalikuwa yamekata ghafla, na analia pasipo sauti, kama mtu aliyezoea kulia hivyo.

Bi Asmahani aliwasili siku ya thelathini na nne. Kavuka pantoni alfajiri, kapanda basi, na buibui lake halina hata vumbi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwembamba, mwenye sauti ya chini na tasbihi isiyobanduka kidoleni. Alileta mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe na vitumbua vya kutosha nyumba tatu. Alimsalimu kila mtu, akauliza hali za wagonjwa wasiomhusu, akaomba dua ndefu. Majirani wakapendezwa naye.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Bi Mwanamkasi akashangilia.

Chumbani Semeni alimwamkia, "Shikamoo, shangazi," naye akaitikia marahaba kwa upole. Na mchana kutwa Semeni hakumlaza mtoto. Alimkumbatia kifuani, akisinzia kamkumbatia, akila kamkumbatia. Bi Mwanamkasi aliliona hilo, na moyo ukamtulia. Akamnong'oneza mkunga, "Unaona? Damu ya kwao imefika, na mapenzi yamekuja." Bi Kijakazi alimtazama sana, akaenda zake kuchota maji.

Asubuhi yake Bi Asmahani akasema, "Leo nitamwosha mimi."

Kumtoa mtoto mikononi mwa mama yake ilikuwa kazi ya Bi Mwanamkasi mwenyewe, na hili lilimkera mpaka alipokufa. Semeni hakuachia. Bi Mwanamkasi akacheka, akambandua vidole kimoja kimoja, "Lete bwana, hatumli," akatoka naye uani.

Bi Asmahani alikuwa amekaa kwenye kibao, miguu kainyoosha. Akamlaza mtoto juu ya miundi yake, kichwa kwenye nyayo, kama wanavyooshwa watoto wachanga, akaanza kumpaka sabuni. Alikuwa na mikono myepesi inayojua kazi. Shehe akalia, kama mtoto yeyote aliaye akivuliwa nguo asubuhi.

"Huyu amedekezwa," Bi Asmahani akasema kwa sauti ileile ya dua. "Mchelea mwana kulia, hulia yeye." Akamfinya pajani. Hakumfinya kwa hasira. Alishika nyama ya paja kwa vidole viwili, akaisokota polepole, huku akimtazama mtoto usoni aone kama amefahamu.

Shehe alikata pumzi, kisha akapiga ukelele ambao nyumba ile haijausikia. Na Bi Mwanamkasi, ambaye alikuwa amesimama hatua mbili tu, alijiambia kwamba hakuona alichokiona.

Hapo Semeni akatoka.

Mzazi hatoki nje kabla ya siku zake, upepo utamwingia. Alitoka hivyohivyo, kichwa wazi, kanga moja kaifunga kifuani. Akaja mpaka mbele ya kibao, akasimama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Rudi ndani mwanangu, utaingiwa na baridi."

"Nipe mwanangu."

Bi Asmahani akatabasamu, akachota maji kwa kata. "Rudi ndani, nimesema."

Neno hilo moja, "nimesema", lilifanya jambo la ajabu. Semeni alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na miwili, mke wa mtu, lakini mkojo ulimtiririka miguuni mpaka chini, mbele ya watu. Mwenye kutaka kucheka na acheke. Bi Kijakazi hakucheka, wala Bi Mwanamkasi, kwa sababu waliona kwamba pamoja na yote hayo Semeni hakurudi nyuma hata unyayo mmoja. Alisimama palepale penye maji yake.

"Nipe mwanangu," akasema mara ya pili.

"Mimi ndimi niliyekulea," Bi Asmahani akasema. "Ulikuja kwangu yatima, huna hata nguo. Nimekulisha, nimekuvisha, nimekusomesha chuo cha Kurani. Ukinivunjia heshima mbele za watu, sikupi radhi yangu, duniani wala akhera."

"Astaghfirullah," Bi Kijakazi akasema. Neno la kunyimwa radhi huvunja watu. Wako wanaume wazima waliokwenda kupiga magoti kwa kuogopa neno hilo.

Semeni alipumua mara moja, kwa nguvu.

"Radhi yako niliikosa nina miaka sita, shangazi. Siku uliponichoma kwa kijinga cha moto kwa sababu nilimlilia mama yangu. Tangu siku ile naishi bila radhi yako, na Mungu kanipa mume, kanipa na mtoto. Basi kaa nayo."

Akainama, akamchukua mwanawe. Mtoto alikuwa na sabuni tele, anateleza kama samaki, lakini hakumponyoka mama yake. Alipogeuka kanga ikamshuka mgongoni, na Bi Mwanamkasi akaona. Mgongo ule ulikuwa na makovu ya kale, marefu na mafupi, mengine yameshika juu ya mengine, kuanzia bega mpaka palipofichwa na nguo.

"Umemwona?" Bi Asmahani akamgeukia mwenyeji wake. "Ndiye kiumbe niliyemlisha."

Bi Mwanamkasi aliitwaa ile kata mkononi mwa mgeni, akaiweka chini. Kisha akasema, "Bi Asmahani, basi la Pangani huondoka saa nane. Utakula kwanza, halafu nitakusindikiza mwenyewe mpaka stendi." Na ndivyo alivyofanya. Alimpakulia wali na papa, akamnawisha, akambebea kikapu. Hata kumfukuza mtu kuna adabu yake. Lakini njia nzima hakufungua mdomo, na Bi Asmahani, ambaye hakuwa mjinga, hakumuuliza tena juu ya mtoto.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja mekoni.

"Ulijua?"

"Namkanda kila siku," Bi Kijakazi akasema. "Mgongo ule nimeupitisha mikononi mwangu mara thelathini na tano."

"Na hukuniambia!"

"Mkunga ana macho, hana mdomo. Tena wewe hukuniuliza, Bi Mwanamkasi. Uliniambia."

Hilo lilimwingia. Akavua viatu, akaingia chumbani, na badala ya kukaa kitandani kama kawaida yake akakaa chini kwenye mkeka, mbele ya mkwe wake. Mtoto alikuwa amelala. Alama ya vidole ilikuwa bado nyekundu pajani.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Aliyekulea hasemwi, mama. Na ningesema, baina yangu na yeye, kwa sauti yake ile, ungemwamini nani?"

Bi Mwanamkasi alikuwa na makosa mengi, lakini uongo haukuwa mojawapo. "Ningemwamini yeye," akasema.

Kisha akauliza alilotaka kuuliza tangu siku ya kumi na moja. "Na kule kusimama mlangoni, mtoto analia, ni nini kile?"

Semeni akaitazama mikono yake.

"Akilia namsikia yeye, mama. Namsikia shangazi humu kichwani, anasema mnyamazishe, mnyamazishe. Damu inanipanda, mikono inakuwa ya moto, inataka kufanya inachokijua. Basi namweka katikati ya kitanda, pale asipoweza kuanguka, nakwenda mbali naye. Nasema Ya Latifu, Ya Latifu, mpaka mikono inakuwa yangu. Ikishakuwa yangu narudi. Watu husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi nimelelewa vile. Basi nimekuaje? Usiku na mchana nauliza, nimekuaje? Ndiyo maana simwoshi. Maji, na sabuni, na mtoto anayelia, na mikono hii. Naogopa." Halafu akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika nyumba ile alimtazama mama mkwe wake machoni. "Lakini sijampiga, mama. Siku thelathini na tano. Hata kofi moja."

Alilisema kama mtu anayetaja kazi aliyoifanya vizuri na hakuna aliyeiona. Na Bi Mwanamkasi aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Siku zote zile alikuwa amepita mlangoni pale na ungo wake, amemwona msichana huyu anapigana peke yake, mara kumi kwa siku, anashinda mara kumi kwa siku, naye kaita ni kukosa mapenzi! Alikuwa amewaona watu wanaosifiwa mjini kwa ushujaa. Hakukumbuka hata mmoja aliyefanya kazi ngumu kiasi hicho.

"Kesho utamwosha wewe," akasema.

"Nitaweza?"

"Sijui. Mimi nitakaa karibu, sitagusa. Ukisema njoo, nitakuja."

Kesho yake Semeni alikaa kwenye kibao uani, akanyoosha miguu. Bi Kijakazi alimwekea maji, akayajaribu kwa kiwiko, akarudi nyuma. Bi Mwanamkasi alikaa mlangoni, mikono kaikalia, kwa kuwa alijijua. Kwanza mambo yalikwenda. Kichwa, shingo, makwapa. Semeni aliosha polepole mno, mpaka maji yakaanza kupoa, na bibi mtu akauma ulimi asiseme. Kisha povu likaingia jichoni. Shehe akalia kwa nguvu zake zote, akajikaza, akarusha miguu.

Mikono ya Semeni ikasimama hewani. Midomo ikaanza kumcheza, Ya Latifu, Ya Latifu. Alimtazama Bi Mwanamkasi, na Bi Mwanamkasi akainuka nusu. Lakini Semeni akatikisa kichwa. Hakumweka chini, hakwenda mlangoni. Mikono ikashuka, ikachota maji safi, ikamsafisha jicho.

"Niwie radhi, mwanangu," akasema. "Ni povu. Nimekuumiza, sikukusudia. Niwie radhi."

Bi Mwanamkasi akakaa tena. Alikuwa amesikia watoto wakiomba radhi kwa wazazi tangu azaliwe, yeye mwenyewe aliomba, na mwanawe alimwomba yeye. Mzazi kumwomba radhi mtoto, tena mtoto wa mwezi mmoja asiyejua hata jina lake, hakupata kusikia. Alidhani atacheka. Badala yake machozi yakamtoka, na siku ile nzima hakusema neno, jambo lililowatia majirani wasiwasi wakaja kuuliza kama anaumwa.

Arobaini ikafika. Mzazi akatolewa, kavaa kanga mpya, kapakwa hina. Wanawake wakajaa uani, ubani ukafukizwa, maulidi yakasomwa. Baada ya kula, Bi Turkiya, jirani wa ukuta kwa ukuta ambaye mumewe ana mashamba ya minazi na ambaye hakosi kwenye karamu, alimpakata Shehe, akamgeuzageuza kama mtu anayechagua kitambaa.

"Tulisikia anakwenda kulelewa Bweni."

"Haendi," Bi Mwanamkasi akasema.

"Lo! Abaki na nani? Huyu mama yake tunasikia humwacha alie, kazi yake kusimama mlangoni. Nakuuliza kwa wema tu, mwenzangu. Atamweza?"

Wanawake wakatazamana. Semeni aliinamisha kichwa. Bi Mwanamkasi akaiweka chini sinia aliyoishika.

"Sadalla nilimlea kwa mkong'oto," akasema, na sauti yake ilifika mpaka barazani walipokaa wanaume. "Nyote mnajua, maana mlikuwa mkimsikia. Siku niliyomfunga kamba kwenye mpera nikampiga mpaka fimbo ikakatika, ana miaka saba, kisa kavunja mtungi, wewe Bi Turkiya ulikuwa upande wa pili wa ua. Uliniomba chumvi. Nikakupa chumvi, nikaendelea kupiga. Miaka yote ile hakuja mtu hata mmoja nyumbani kwangu kuniuliza, Mwanamkasi, mtoto huyu utamweza?"

Barazani mtu mmoja alikohoa, na mama mtu alijua kikohozi kile ni cha nani.

Alikwenda akamtoa mtoto mapajani mwa Bi Turkiya, akapita naye katikati ya mikeka, akamweka mikononi mwa Semeni mbele ya wote. Kisha akakaa chini karibu yao.